Kinyozi Aliyepotewa na Kushoto

Yule binti wa mazoezi pale kliniki ana maneno kama redio iliyokwama. Kila nikifika ni lile lile: "Bibi, iandike. Bibi, watu waijue." Nikamwambia, mwanangu, wewe ndiye uliyesoma mpaka miwani ikaota puani, andika wewe. Ati akiandika yeye hakuna atakayemaliza ukurasa. Mimi kalamu nimeishika ukubwani, herufi zangu kila moja inatembea na njia yake, na mgongo wangu na meza havipatani. Lakini nimechoka kuombwa. Naandika mara moja tu, sirudii, na atakayeona nimeruka herufi ajazie mwenyewe.

Habari yenyewe ni ya kinyozi. Ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, ila hapa nitamwita kama mtaa mzima unavyomwita: Mstari. Jina hilo alilipata kwa kazi ya mikono yake. Akikuchonga kwenye paji la uso, unatoka na mstari ulionyooka hivi kwamba hata kama umelala na njaa, watu wanadhani una kazi ofisini. Chumba chake cha kunyolea kilikuwa katikati ya duka la vipuri vya baiskeli na bucha. Viti viwili, kioo kimoja kirefu chenye ufa pembeni, na benchi la kusubiria ambalo waliokuja kusubiri walikuwa wachache kuliko waliokuja kubishana. Kiti cha pili kilikuwa cha mwenzake, kijana aliyefundishwa kazi na Mstari mwenyewe. Huyo walimwita Mashine, kwa sababu mkasi hakuwahi kuupenda.

Basi asubuhi moja Mstari alikuwa anavaa viatu aende kazini. Cha kulia kikaingia. Mkono wa kushoto akautuma uchukue kile kingine, mkono ukakataa kutumwa. Akataka kumwita mkewe, mdomo ukaenda pembeni na maneno yakatoka kama uji. Mkewe, Mama Pacha, si mwanamke wa kupepesa macho. Hakumkanda mafuta, hakumwambia alale kidogo atapata nafuu. Alisimamisha gari la jirani katikati ya barabara, akampakia mumewe na kiatu chake kimoja, wakaenda hospitali.

Waganga wakasema ni kiharusi. Damu imeganda kwenye mshipa, upande wa kulia wa ubongo. Walimwahi, wakampa dawa, na baada ya kulala huko muda akarudi nyumbani. Mdomo ulinyooka. Mguu uliburuta kidogo. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito, lakini unashika. Ulimi nao ulirudi na ubishi wake wote, hata wa ziada. Watu wakaja kutoa pole, wakala, wakashukuru, wakaondoka. Tukajua yamekwisha.

Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza.

"Mama Pacha," alisema siku moja mezani, "siku hizi mnanipimia chakula kama mfungwa?"

Mkewe akaangalia sahani. Wali na maharage vimejaa nusu nzima ya kushoto, havijaguswa. Upande wa kulia umelambwa unang'aa.

"Na hiki nini? Si chakula?"

"Kipi?"

Mkewe akaigeuza sahani. Mstari akakitazama chakula kilichotokea, kisha akamtazama mkewe. "Umekitoa wapi?"

"Nimekitoa kwapani!" akafoka Mama Pacha. "Baba Pacha, usinichezee."

Hakuwa anacheza. Alichana nusu ya nywele zake, akanyoa nusu ya ndevu, akavaa ndala moja na kutoka nayo. Miimo ya milango ilimgonga bega la kushoto mpaka bega likawa na rangi ya bilinganya, na kila mara alilaumu mlango. Mkewe akikaa kushoto kwake akamsemesha, yeye kimya, anaangalia dirisha la kulia. Mama Pacha akaona amenuniwa. Akalia jikoni, akarudi amenuna yeye, na mume hakujua amenuniwa kwa sababu alinuniwa upande ule ule asiouona. Wakaishi hivyo, kila mmoja anangoja mwenzake aombe radhi.

Siku aliporudi kazini alivaa shati jeupe. Mashine alikuwa amempangusia kiti. Wa kwanza kukaa alikuwa mwenye bucha ya jirani, mtu mnene, kichwa kama mtungi, mdomo usiojua likizo.

"Karibu tena, Mstari," akasema mwenye bucha. "Hawa vijana wameninyoa kama wanafyeka nyasi. Nirudishie heshima."

Mstari akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, akaingia kazini. Mkono wa kulia haukuwa umesahau kitu. Alikwenda taratibu, akapuliza nywele, akachonga mstari pale mbele, akarudi nyuma hatua moja akaitazama kazi. Akaridhika. Akakung'uta kitambaa.

"Haya. Nenda ukaoe tena."

Mwenye bucha akafungua macho. Kwenye kioo alikuwepo mtu ambaye upande wa kulia ni afisa na upande wa kushoto ni mtoro. Hata mstari wa mbele ulikuja vizuri, umenyooka kama reli, ukafika katikati ya paji ukakatika.

"Mstari," akasema polepole, "nusu nyingine unanyoa kesho?"

Benchi zima likaanguka kwa kicheko. Mstari akakitazama kioo. Akaona kichwa kilichonyolewa. Akatazama tena. Safi kabisa.

"Kichwa chako ndicho hicho," akasema kwa hasira, "sikukiumba mimi. Kama kina kasoro muulize mama yako."

"Shika basi! Shika hapa, wewe mzee!" Mwenye bucha akaudaka mkono wa kinyozi, akaulaza juu ya kichwa chake, upande wa kushoto.

Kiganja kikazama kwenye nywele.

Mstari amewahi kunisimulia lile jambo, na mtu huyu si wa kusimulia yanayomuuma. Alisema macho yake yalikuwa yanamwambia kazi imekwisha, na kiganja kinamwambia haijaanza, na yeye kasimama katikati hajui amwamini nani. Miaka yote hiyo amefanya kazi kwa macho. Akazima mashine, akaiweka mezani kwa adabu kama mtu anayeweka yai, akakaa kwenye benchi katikati ya waliokuwa wanamcheka. Wakamsogezea nafasi.

Mashine akammalizia mwenye bucha. Lakini kabla hajammalizia, mtu yule alikuwa ametoka nje mara moja kumpa mteja wake chenji, na mtaa ukamwona. Tangu saa ile akawa haitwi tena mwenye bucha. Akaitwa Nusu Kilo.

Jioni, wateja wamekwisha, Mashine alifunga mlango nusu akasema lililokuwa linamkaba. "Kaka, wewe ndiye uliyenifundisha. Lakini kichwa cha mtu si shati, ukikosea huwezi kumrudishia kitambaa. Kodi ya chumba tunaibeba wawili. Shemeji yangu anajua kazi, anatafuta kiti. Mwisho wa mwezi nitamweka hapo."

"Kwenye kiti changu?"

"Kaka, nisamehe."

Mstari akapitisha mkono kwenye mgongo wa kiti. Kiti kile alikinunua kabla hajaoa. Alilelea watoto wake juu ya kiti kile. Akienda nacho nyumbani kitakuwa cha kuanikia nguo, na yeye atakuwa nani? Mzee wa dirishani. Usiku ule, na mwingine, hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Mguu hakuujali, mkono hakuujali. Kiti tu.

Ndipo Mama Pacha akamburuta kliniki kwa yule binti wa mazoezi. Mstari akaingia kifua mbele. "Macho yangu mazima. Nimepimwa. Nasoma hata maandishi ya chupa ya dawa."

"Sijakataa, baba," akasema binti. Akampa karatasi na kalamu. "Nichoree kichwa cha mtu, wewe si kinyozi?"

Akachora. Akachora vizuri, na masharubu akayachonga. Binti akauliza kama amemaliza. Akasema amemaliza, tena huyo mteja haombi kurudishiwa pesa. Binti akaigeuza karatasi juu chini. Mstari akaona jicho moja, sikio moja, masharubu nusu, na mahali peupe.

"Nani amefuta?"

"Hakuna aliyefuta, baba. Hukwenda huko." Binti akavuta kiti akakaa mbele yake, akasema pole pole, nami nilikuwepo nikasikia. "Upande wa kulia wa ubongo ndio unaotulindia kushoto. Wako umepigwa. Macho yanaona, yanapeleka habari, lakini mpokeaji amelala. Na ubaya wake ni huu: asiyejua kuna kushoto hawezi kutafuta huko. Wewe huoni kiza huko. Huoni kitu kinachokosekana. Ndiyo maana mnagombana nyumbani. Mama anadhani una kiburi, nawe unadhani anakunyima chakula."

Mama Pacha akajifunika uso kwa kanga. "Kwa hiyo hakuwa amenuna?"

"Nani kanuna?" akauliza Mstari. "Si wewe ndiye uliyenuna?"

Wakacheka, wakalia, wakacheka tena, na binti akawaacha wamalize. Halafu akawaambia neno ambalo nimelishika: ubongo ndio bosi wa tabia, kuanzia mtoto asiyetulia darasani mpaka mzee anayegeuka mkali ghafla. Ukiona tabia ya mtu imebadilika, usiulize kwanza ana kiburi gani. Uliza kichwani kumetokea nini.

Akawapa mazoezi. Utepe mwekundu ubandikwe ukingo wa kushoto wa meza, na Mstari asianze kula mpaka shingo yake imeukuta ule wekundu. Mkono wa kushoto uamshwe kwanza, vidole vichezechezwe, kwa sababu mkono huo ukiamka unaamsha na upande wake. Mkewe akae kushoto na amguse kabla ya kusema. Na mashine ya kunyolea asiishike mpaka yeye binti aridhike. Mstari akayachukia yote. Alisema hayo ni mambo ya chekechea. Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja na kiti kilikuwa kinamwita, basi akafanya, huku anatukana chini chini. Mama Pacha alihesabu kila tusi kuwa dalili ya nafuu.

Siku moja anakula, ameshautafuta utepe, ameupata, shingo imechoka, nusu ya chakula ikapotea tena. Mkewe aliizungusha tu sahani kama alivyozoea. Chakula kikaja. Mstari akasimamisha kijiko hewani.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Zungusha tena." Akazungusha. Mstari akaanza kucheka peke yake mpaka akapaliwa. "Mama Pacha! Huko kushoto si lazima niende mimi. Kunaweza kuja kwenyewe!"

Akainuka na njaa yake, akagonga mwimo wa mlango, akaulaani, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha kunyolea. Viti vya kunyolea viliundwa vizunguke. Lakini cha kwake kilishika kutu zamani kikasimama palepale, naye akawa ndiye anayezunguka. Akaenda kwa fundi wa kuchomelea, wakakipindua miguu juu, wakakipiga nyundo, wakakishindilia grisi. Kikalia kama mtoto anayetolewa jino, kisha kikazunguka.

Binti wa kliniki aliposikia alikuja mwenyewe kutazama. Akasema wazo ni zuri, lakini kiti peke yake hakitoshi. Mkono wa kushoto ufanye kazi nao, usikae kama mgeni. Wakakubaliana hivi. Mstari atasimama mahali pamoja asiondoke. Atalaza kiganja cha kushoto juu ya kichwa cha mteja. Ataanza pua ya mteja ikiwa inatazama kioo, atanyoa kile kilicho mbele yake upande anaouona, atasukuma kiti kidogo, atanyoa, atasukuma, mpaka pua irudi kwenye kioo. Pua itoke, pua irudi. Na wembe asiuguse kwanza. Mashine na mkasi tu.

Walioumia ni ndugu. Alijifunzia kwetu. Pacha wote wawili walibaki vipara, shemeji zake vipara, mjomba aliyekuja kusalimia tu akaondoka kipara. Mimi mwenyewe nilikaa, na nywele zangu nyeupe zote zikashuka, na nasema hadharani kwamba nilipendeza. Mwanzoni aliacha visiwa. Nyuma ya sikio kisiwa, utosini kisiwa. Kisha visiwa vikapungua, mpaka binti akapitisha mkono kwenye kichwa cha mjomba, akapitisha tena, akasema, "Sawa. Nenda."

Mstari akaenda kwa Mashine. "Nipe kichwa kimoja."

"Cha nani, kaka? Nani atakaa?"

Sauti ikatoka mlangoni. "Mimi." Ni Nusu Kilo, na aproni yake ina damu ya kazi. "Nilitoka hapa nusu na mtaa umenipa jina. Hata watoto wakija kununua nyama wananiuliza kilo nzima inapatikana wapi. Sasa nataka nitoke hapa mzima, watu wale wale waone."

Mashine akaangalia chini, akaangalia juu. "Sawa. Kichwa kimoja kizima, na mtu asifungue mdomo kumwambia bado hapa, bado pale. Akimaliza, kiti ni chake na mimi sitalitaja tena. Akishindwa, shemeji yangu anaingia Jumatatu."

Watu walijaa mpaka dirishani. Nusu Kilo akakaa. Mstari akakunja na kukunjua vidole vya kushoto, akavilaza utosini kwa yule bwana, pua ikiwa kwenye kioo. Akawasha mashine. Akanyoa, akasukuma kiti. Akanyoa, akasukuma. Kiti kinazunguka polepole, Nusu Kilo anazunguka nacho kama nyama kwenye mshikaki, anawasalimia mashahidi wake mmoja mmoja: "Habari yako. Wewe una deni. Habari yako, mama."

Wamezunguka robo tatu. Sasa yule bwana hana subira, tena anajipenda. Akageuza shingo kabla kiti hakijafika, ajitazame kwenye kioo. Pua ikarudi. Kiti hakijarudi.

Mstari akaiona pua. Akazima mashine.

Chumba kizima tuliona. Kutoka nyuma ya sikio mpaka kisogoni kulikuwa na kipande cha nywele kama zulia la mlangoni. Mama Pacha alinishika mkono akanifinya mpaka nikataka kupiga kelele, na kelele yenyewe ilikuwa imekatazwa. Mashine alifungua mdomo, akaufunga. Mstari akashika ncha ya kitambaa akifungue.

Akasita.

Akakiachia kitambaa. Akaanza kukitembeza kile kiganja kizito cha kushoto, bila haraka, macho ameyafumba kabisa. Utosi, sawa. Paji, sawa. Sikio moja, sawa. Kikashuka nyuma ya sikio la pili, kikasimama.

"Weye!" akasema, akampiga yule bwana kikofi cha shingo. "Nani alikwambia ugeuke? Nilikuruhusu?"

"Nilikuwa nachungulia tu."

"Chungulia nyama zako! Tazama mbele!"

Hapo sasa tulipiga kelele. Mtu wa vipuri alipiga kengele za baiskeli, zote. Mstari akanyamazisha watu kwa mkono, akakirudisha kiti, akanyoa zulia lote, akasukuma mpaka safari hii magoti ya yule bwana yakatazama kioo. Tangu siku hiyo anatazama magoti. Anasema pua ni mwongo. Kisha akachonga mstari wa mbele, akisukuma kiti, akigusa, akisukuma, kutoka sikio hadi sikio, na mstari haukukatika.

Mashine ndiye aliyeondoa kitambaa. Alizunguka kichwa kile mara ngapi sijui, anatafuta kosa, na alitamani alikose. "Kaka," akasema, "mimi sijawahi kunyoa hivi."

"Najua," akasema Mstari. "Nimekuona."

Nusu Kilo akatoka nje akatembea barabara nzima, kwenda na kurudi, bila kofia, kwenye jua kali. Jina halikumwondoka, ila sasa anaitikia.

Sitadanganya kwamba mdogo wangu amepona. Mwimo wa mlango bado unamgonga siku akichoka. Wembe hajaushika, na binti amesema huenda asiushike tena, na hilo linamuuma. Lakini anakula sahani nzima, na anagombana na mkewe kwa sababu za kweli. Kuna mama mmoja ana binti mdogo asiyeweza kukaa kitako, vinyozi wote wamemfukuza. Ubongo wake una mwendo wake, kliniki wanamwangalia. Kwenye kiti kinachozunguka anatulia kama maji mtungini, na mzunguko ukiisha anaomba mwingine. Mashine naye amekwenda kukipaka kiti chake grisi. Shemeji yake amepata kazi kwingine, na Mstari ndiye aliyempeleka.

Basi nimeandika, mgongo unaniuma, nawe umesoma umekaa vizuri. Sasa zamu yako. Inuka uende ukatazame sahani za nyumbani kwako. Ukikuta mzee wako ameacha nusu, tena nusu ile ile kila siku, usimsute na usimnunie. Mpeleke kwa wanaojua, leo, si baada ya sikukuu. Ukitoka huko mlete huku anyolewe, na wewe ukae baada yake. Ila mwambie, na wewe jiambie, kwenye kiti kile mtu hageuki mpaka aambiwe.